Kapu Lisilo na Riba

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa viazi karai kabla hujalisoma, usihuzunike. Msiba wa Matano hauharibiki kwa mafuta. Kwa ufupi ulikuwa hivi.

Matano wa Mtopanga, fundi wa mashine ya kukamua mbata, alifika kazini Changamwe asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tatu, akakuta lango la kiwanda limetiwa mnyororo. Mafuta ya kula ya nchi za nje yalikuwa yamejaa madukani kwa bei ya kutupa, na nazi kavu ya kwetu ikapigwa mweleka. Akarudi nyumbani kutuliza roho. Barazani akamkuta ajenti wa mwenye ardhi, anakunywa chai ya Matano, kwa kikombe cha Matano, na habari anayo mdomoni: ardhi inauzwa.

Kwa heshima ya wasomaji wa bara, tusimame kidogo hapa. Nyumba ile ni ya Matano. Kuta zake, milango yake, mabati yake, misumari yake. Lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, na Matano huilipia kodi kila mwezi kama alivyoilipia baba yake. Nusu ya Mtopanga imejengwa hivyo. Siku mwenye ardhi akitaka kuuza, mwenye nyumba hununua, ama hung'oa mabati yake akaenda nayo.

Ajenti alimpa mpaka mwisho wa mwezi.

Matano hakutishika. Alicheka. Alimwongezea ajenti chai na kaimati juu yake. Si alikuwa na akiba yake ya uzeeni kiwandani? Akiba ile ingenunua kiwanja na kubakisha ya mbuzi wa shukrani.

Hapo ndipo tulipomwacha, meno nje. Mkumbukeni hivyo, kwa maana meno yale hamtayaona tena leo.

*

Jumatatu wafanyakazi wote waliitwa kwenye bwalo la chakula la kiwanda.

Benki ilikuwa imemleta mfilisi. Mfilisi ni mtu ambaye kampuni ikikata roho huitwa kuigawa maiti: nyama kwa benki, mifupa kwa wengine. Yeye mwenyewe hakutokea. Alimtuma msaidizi wake, mwanamke kijana wa Nairobi aliyeitwa Milcah, mwenye miwani mikubwa na sauti ya kusoma matokeo ya mtihani. Waliowahi kusomewa matokeo wanaijua sauti hiyo. Haina huruma wala chuki. Inakuua tu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Dishon. Yeye na Matano walikuwa wamesimama ubavu kwa ubavu kwenye mashine moja tangu Dishon alipoteremka kutoka Vihiga na sanduku lake la mbao. Walibishana kila siku na hawakuwahi kukosana.

Dishon akapokea cheki yake. Akaitazama. Akaigeuza nyuma, aone kama nyingine zimejificha huko.

"Madam, hii cheki imekonda. Ilikuwa mgonjwa?"

"Kuna ada, mzee. Wadhamini wa mfuko wana ada yao, wakaguzi wana yao, na kampuni iliyousimamia ina yake."

"Na kuna ada ya kuhesabu hizo ada?"

"Imo pia."

Bwalo zima likaangua kicheko. Dishon hakucheka. Alitukana kwa Kiluhya, polepole, kama anayeomba dua.

Hata hivyo ilikuwa cheki. Kila shilingi aliyokatwa Dishon, kampuni iliongeza ya pili, na zote mbili zikazaa mwaka baada ya mwaka. Iliyokonda ya Dishon ilikuwa bado imenenepa kuliko mshahara wowote aliowahi kuuona.

Matano akamgusa bega. "Umeona sasa, bwana? Riba haina baraka. Huku waongezwa, kule wakatwa. Ngoja uone yangu. Haina nyongeza, haina upungufu. Safi kama maji ya kisima cha msikiti."

Majina yakasomwa. Yakaisha. Milcah akaanza kukusanya vitu vyake.

"Dada, umeniruka," Matano akasema.

"Jina lako nani, mzee?"

"Matano. Hata paka wa hapa wanijua."

Milcah akaitazama orodha yake, akaitazama tena. "Humo, mzee."

"Simo wapi?"

"Kwenye mfuko wa akiba. Wewe si mwanachama."

"Mimi nimekatwa mshahara kila mwezi tangu mwaka wa themanini na moja! Niko mimi, yuko Babu yule, yuko Mwanasaumu, tuko kundi zima!"

"Mlikatwa, ndiyo. Lakini hela zenu hazikuingia mfukoni. Ziliwekwa kando." Akavua miwani. "Nimeambiwa ni ninyi wenyewe mlioomba."

Ni kweli waliomba. Tena waliomba kwa takbiri.

Mwaka ule wa themanini na moja, kampuni ilipoanzisha mfuko, Matano ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha maziko cha wafanyakazi Waislamu. Aliposikia kuwa fedha zitawekwa na kuzaa, alijua zinazaa nini. Riba. Akawapanga watu nyuma yake kama paredi ya sikukuu ya Jamhuri, akawaongoza hadi kwa Nguma, aliyekuwa ofisa wa wafanyakazi, akamhutubia. Nguma alisikiliza kwa adabu, kisha akawapa walichotaka: wao watakatwa kama wengine, lakini zao zitatengwa, shilingi kwa shilingi, bila kuzaa.

"Na ile ambayo kampuni yaongeza?" Mwanasaumu aliuliza siku ile.

"Nyongeza ni nyongeza," alisema Nguma.

Matano hakuwa na hakika. Lakini kiongozi hakubali kuonekana hana hakika mbele ya paredi. "Nyongeza ni nyongeza," naye akasema, na ile ya kampuni ikaenda na maji.

Wakaliita kapu la halali. Wakamtoa ofisini juu juu, mabegani, na tangu siku hiyo kiwanda kizima kikamwita Mwenyekiti.

"Sawa," Matano akamwambia Milcah. "Zimewekwa kando. Basi niletee hicho kikando."

"Hakuna kando, mzee wangu. Ule mfuko wa kina Dishon ulikaa nje ya kampuni, una wadhamini wake. Kampuni ikifa, mfuko haufi. Lakini kapu lenu lilikaa ndani ya kampuni. Kampuni imekufa nalo tumboni. Ninyi sasa ni watu mnaoidai, sawa na mwenye lori na mwenye magunia."

"Tunasimama wapi kwenye foleni?"

"Nyuma. Benki ndiyo ya kwanza."

"Benki ikishakula kutabaki nini?"

Milcah akatazama huku na huku. "Mpaka sasa zimebaki hizi meza."

Matano akazitazama meza. "Kwa hivyo miaka yote hii, mimi nilikuwa naikopesha kampuni?"

"Ndiyo."

"Mimi? Mwenye viraka?"

"Bila riba," akasema Milcah, na kwa kumtendea haki, hakutabasamu.

Kisha Matano akainama, akaishika miguu ya meza iliyokuwa mbele yake, akaigeuza, akajitwika kichwani.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nachukua uzee wangu!"

Alifika nayo mpaka langoni. Askari wawili wakaidaka upande mmoja, yeye akaishika upande wa pili, wakavutana huku wapita njia wakishangilia timu wanayoitaka. Dishon ndiye aliyemwachisha mikono, kidole kimoja kimoja.

"Acha, Mwenyekiti. Hiyo meza ina mchwa. Utabeba deni na wadudu wake."

Nyuma yao walikuja wenye kapu. Mbele alikuwa Babu, mtia kuni wa tanuri, mkubwa wao wote kwa umri na mdogo wao wote kwa kimo. Kando yake Mwanasaumu, mtia mafuta mikebeni, ambaye hakuwahi kusahau swali alilouliza.

"Mwenyekiti," akasema Mwanasaumu, "yule mwanamke amesema nini? Nimeelewa vibaya, au ndivyo ilivyo?"

"Nitawajulisha," akasema Matano, akaondoka mbio.

*

Nguma hakuwa tena ofisa wa kitu. Alikuwa amestaafu mapema, akachukua cheki yake nene kutoka mfuko ule ule wa kina Dishon, akafungua stoo ya vitunguu katika soko la Kongowea. Matano alimkuta amekaa juu ya kiti cha kukunja, magunia nyuma yake hadi paani, anapigiana kelele na mahamali.

"Salaam aleikum, Mwenyekiti! Wataka gunia au debe?"

"Nataka kapu langu."

Nguma akaelewa mara moja. Akawaashiria mahamali wasogeze mikokoteni yao, lakini mahamali wakaiegesha hapo hapo na kukaa juu yake. Hakuna hamali wa Kongowea aliyewahi kuukimbia ugomvi wa bure.

"Kaa, bwana."

"Sikai. Ulitutia hasara, Nguma. Wewe mwana wa huku huku, watu wa nyumbani, ukatutia hasara mchana kweupe."

"Mimi? Mlikuja kwa miguu yenu. Mkasema hamtaki kuzaa. Nikawapa tasa. Nimekosa wapi?"

Hamali mmoja akacheka. Matano akamtazama, akaacha.

"Hela zetu mlizifanyia nini?"

"Zilifanya kazi, zikae bure kwani ni bibi harusi? Msimu wa mbata ukifika, wenye mashamba wanataka pesa mkononi, na benki ilikuwa ikitupa mkopo kwa bei ya kunyonga. Kapu lenu halikutaka bei. Nilipowapelekea wakurugenzi ile habari yenu, mmoja alicheka hadi chai ikamtoka puani."

"Ulicheka nawe?"

"Nilikuwa mwajiriwa. Nilicheka."

Swali lililofuata lilimtoka Matano taratibu, kwa sababu aliliogopa.

"Na ule mfuko wa kina Dishon. Mle ndani mlikuwa na nini? Riba tupu?"

Nguma akachukua kitunguu, akakimenya ganda. "Zaidi ya nusu ilikuwa jengo."

"Jengo gani?"

"Jengo la maduka, mjini. Mfuko ulilinunua, ukawa unakula kodi ya wapangaji. Kodi ya pango, Mwenyekiti. Hiyo nayo haramu? Mashekhe wangapi wana nyumba za kupangisha? Na ile hela iliyokuwa benki ikizaa riba, wadhamini walikuwa wamesema, asiyeitaka asilazimishwe. Itatengwa, apewe cha kodi peke yake, na mchango wa kampuni juu yake. Mchango ule ulikuwa mshahara tu, bwana, umechelewa kulipwa."

Soko zima la Kongowea lilikuwa likipiga kelele. Matano hakusikia hata sauti moja.

"Ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Siku ile?"

"Siku ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi?" Sasa Nguma naye akapandisha sauti. "Uliingia kwangu kama mhubiri! Ulinihutubia mpaka feni ikaona haya ikazima. Hukuuliza swali hata moja. Yule mwanamke aliuliza, ukamzima wewe, si mimi! Mtu akikuletea fedha za bure na kukuapia kwa Mungu kuwa hataki kitu juu yake, wewe utamwambia ngoja kwanza nikufundishe namna ya kunikatalia?"

"Ningekuwa wewe, ningemwambia."

"Ndiyo maana hukuwa mimi. Na nikwambie jingine, ukalie pamoja. Hata mfilisi akikulipa zote kesho, shilingi kwa shilingi kama ulivyoomba, si zile tena. Zile za themanini na moja zilinunua kiwanja. Shilingi imeanguka, bwana. Siku hizi zitakununulia choo, na mlango utafute mwenyewe."

Tungependa kuandika kwamba Matano alijizuia, kama inavyompasa mtu wa makamo na mwenyekiti wa maziko. Hakujizuia. Alilishika gunia la juu kabisa kwa pembe zake mbili, akalivuta. Likaja. Na kwa sababu gunia lile ndilo lililoyashikilia mengine, yakaja mengine.

Vitunguu vikamwagika kama watoto wa shule kengele ya mwisho ikilia. Vikapita chini ya mikokoteni, vikaingia mtaroni, vikawafuata akina mama wa nyanya hadi kwenye vizimba vyao. Mahamali wakasimama na kupiga makofi.

"Utalipa!" Nguma alipiga ukelele, mikono kichwani. "Wallahi utalipa, kimoja kimoja!"

"Tia kwenye kapu!" Matano alimjibu, tayari yuko mbali. "Nitakulipa! Bila riba!"

*

Siku nne Matano hakutoka nyumbani. Ya tano, Jumamosi alasiri, haikuwezekana tena kukaa ndani, kwa sababu baraza yote ilikuwa imejaa wenye kapu.

Babu alikuja na ngazi yake begani, maana tangu kiwanda kifungwe alikuwa akizunguka Kisauni kuziba mabati ya watu yanayovuja. Akaiegemeza ukutani, akakaa. Mwanasaumu hakukaa.

Jikoni, Mastura, mke wa Matano, alikuwa anakuna nazi. Alikuna kwa hasira, na mumewe aliijua hasira ile kwa mlio wa mbuzi ya kukunia.

"Watu wako wakungoja," akasema bila kuinua kichwa.

"Nimewaona."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia tulidhulumiwa. Kwa ajili ya dini yetu tulidhulumiwa."

Mbuzi ikanyamaza. "Usiisingizie dini, Matano. Sheikhe alikwambia nini mwaka ule? Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia kwa masikio yangu. Alikwambia, nenda kaulize kwanza mle mna nini. Ukishajua, ndipo ukatae la kukataa na uchukue la kuchukua. Wewe ulianza na kukataa, kwa sababu ukiuliza hakuna wa kukubeba mabegani."

"Basi leo umenichoka?"

"Nimekuchoka siku nyingi. Leo nina hasira tu. Nenda nje."

Akaenda nje. Akaeleza. Alijitahidi kueleza kwa ufupi, na bado kila sentensi ilikuwa ndefu kuliko alivyotaka. Alipofika kwenye jengo la maduka, Babu akauliza, "Kodi?" Alipofika kwenye mchango wa kampuni, Mwanasaumu akaketi chini, kwenye vumbi, ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Mimi niliuliza," akasema. "Niliuliza hilo hilo. Ukanijibu nini?"

Matano akaitazama ngazi ya Babu.

"Nakuuliza tena, Mwenyekiti. Ulinijibu nini?"

Mlango wa mabati wa uani ukagongwa. Akaingia Dishon, ndani ya koti lake la kanisani, na nyuma yake mkewe Philister, mkoba kwapani. Matano hakuwahi kufurahi hivyo kumwona mtu.

"Karibu, ndugu yangu! Karibuni, mketi!"

"Mzee Matano," Dishon akasema, na hakuketi, "nimekuja kwa uzuri. Nataka usikie hivyo kwanza. Kwa uzuri."

Hakuna habari njema duniani iliyowahi kuanza hivyo.

"Sema, bwana."

"Hiki kiwanja chako. Ajenti alikuwa na mtu wa kukinunua, angekuja na trekta ya kubomoa. Sasa mimi nilipeleka ile cheki yangu benki, ikaiva, nikatoa arbuni. Jana nimemalizia. Kiwanja ni changu. Ni kusema, sasa kiko kwa mikono ya rafiki."

Matano akasimama kinywa wazi. Kisha akamkumbatia Dishon mpaka koti likalia mshono. Watu wa baraza wakapiga takbiri. Hata Babu alitabasamu.

"Nitakulipa!" Matano akasema. "Pole pole, kila mwezi, mpaka shilingi ya mwisho!"

"Na kidogo ya juu," akasema Philister.

Baraza ikapoa.

"Ya juu ni nini, mama?"

"Ya juu ni ya juu, mzee. Unatulipa kiwanja, kila mwezi, na kidogo juu yake kwa sababu tumengojea. Kama hutaki kununua, utalipa kodi ya ardhi, lakini si hii ya kitambo ya bei ya unga. Ni ya sasa."

"Hiyo ya juu ni riba."

"Wewe iite jina unapenda."

"Dishon!" Matano akamgeukia. "Miaka yote tumekula sahani moja. Waniletea riba mlangoni mwangu?"

Dishon alikuwa anatazama viatu vyake. "Mimi nilisema tumwachie tu hivyo hivyo. Lakini mama watoto..."

"Mama watoto anaongea mwenyewe," Philister akamkata. Akapiga hatua mbele, na hakuwa na uso wa ubaya, alikuwa na uso wa mtu aliyefanya hesabu usingizini na kuamka nayo. "Mzee Matano, sikiza. Hiyo cheki ndiyo ilikuwa uzee wetu. Hakuna ingine. Walishaikata ada mpaka ikabaki mifupa, na bei ya unga inapanda kila Jumatatu. Sasa uzee wetu umelala chini ya kitanda chako. Ukilala bure, utakufa. Unataka tukukopeshe bila kitu? Mimi nilitaka kujua mtu akikopesha bila kitu anakuwaje. Nimemwona. Amesimama hapa mbele yangu."

Kama angempiga kofi, lingeuma kidogo kuliko maneno yale.

Matano akatazama baraza. Hakuna aliyetazama chini. Walikuwa wanamtazama yeye, wote, wale aliowaambia nyongeza ni nyongeza. Walitaka kusikia leo nyongeza ni nini.

"Nyumba hii ni yangu," akasema.

"Ni yako. Nani amekataa? Ardhi ndiyo yetu."

"Kuta ni zangu! Mabati ni yangu!"

"Yote yako, mzee."

"Basi naondoka nayo! Kaeni na ardhi yenu, mle mchanga! Mzae mchanga!"

Ngazi ya Babu ilikuwa pale pale ukutani. Kabla mtu hajamshika kanzu, Matano alikuwa juu, na nyundo ya jirani, aliyoiazima siku nyingi, mkononi, akiitafuta misumari aliyoipigilia mwenyewe mwaka aliomwoa Mastura. Wa kwanza ukatoka unalia. Wa pili. Bati likainuka ncha, likapepea, likashuka chini kwa mlio uliowatoa watu wa Mtopanga majumbani mwao.

"Mwenyekiti, shuka!" Dishon alilia, mikono juu, kana kwamba angemdaka. "Nitaongea na yeye! Tutapunguza hiyo ya juu!"

"Hatupunguzi," akasema Philister.

Bati la pili likaja. Kuku wa jirani alinusurika kwa unyoya.

"Waambie watu wako!" Mwanasaumu alimpigia kelele kutoka chini. "Waambie hiyo nayo ni dini! Kubomoa nyumba juu ya kichwa cha mkeo!"

"Haichezewi dini!" Matano aling'aka. "Nilipoteza kapu zima kwa kuikataa riba! Nipoteze kapu na nile riba pia? Basi nilipoteza la nini? Niambieni! La nini?"

Akaishika nyundo kwa mikono miwili.

Hapo mlango ukafunguka na Mastura akatoka, machicha ya nazi mikononi hadi kwenye viwiko. Alitoka polepole. Akatembea mpaka katikati ya ua, akageuka, akainua uso.

"Matano."

"Usiniambie kitu, Mastura! Funga vyombo!"

"Mimi ndiye niliyempeleka Dishon kwa ajenti."

Nyundo ikasimama hewani.

"Wewe ulikuwa umejifungia ndani siku nne wamlaani Nguma," Mastura akaendelea, bila kupandisha sauti, na kila mtu alimsikia. "Trekta haingojei mtu amalize kulaani. Nikavaa buibui langu, nikaenda kwa Philister, tukakaa, tukasemezana. Hiyo ya juu nimeshaikubali. Nimempa mkono."

"Umekubali riba ndani ya nyumba yangu?"

"Nyumba gani?" Mastura akanyoosha kidole chenye nazi. "Nikiwa jikoni naona mbingu."

Mtu akacheka barazani, akajuta. Matano alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mke huyu, na hakuna hata moja la kusemwa kutoka juu ya paa mbele ya majirani. Akaitupa nyundo, akarudi nyuma kwa magoti, akateremsha mguu kutafuta kipandio cha kwanza cha ngazi.

Mguu ukaning'inia hewani.

Akainama, akatazama. Ukuta ulikuwa mtupu. Babu alikuwa ameshafika kwenye mlango wa uani, mfupi, mnyamavu, ngazi begani, na nyuma yake wamejipanga wenye kapu wote, mmoja baada ya mwingine, paredi kamili.

"Babu! Ngazi hiyo!"

Babu hakugeuka. "Ukishajua kapu letu liko wapi, Mwenyekiti," akasema, "nawe utaambiwa ngazi iko wapi."